Baba wa Kila Februari

Kwa miaka ishirini na sita Lucius Pettiford alimsamehe mwanawe kila mwezi wa pili, Jumapili mbili mfululizo, saa tisa alasiri, mbele ya watu mia tatu. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka alipokuwa anasimama, nyuma ya pazia, nimekaa kwenye kigoda na kitabu cha mchezo wa kuigiza mapajani. Kazi yangu ilikuwa kumnong'oneza yeyote aliyesahau maneno. Yeye hakusahau hata mara moja, mpaka mwaka ule wa mwisho.

Mchezo wenyewe uliandikwa na mwalimu mmoja wa mitaa yetu hii ya kusini mwa Chicago, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Una jina lake rasmi, lakini sisi kanisani tuliuita Mchezo tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Ni habari za familia ya watu watano, watu weusi kama sisi, wanaoishi vyumba viwili juu ya duka la kinyozi. Baba anafanya kazi machinjioni. Mtoto wa kiume anachukia maisha yale, anaondoka kwa maneno makali, na katika sehemu ya tatu anarudi mikono mitupu, anasimama mlangoni. Wote wako mezani. Baba anamtazama muda mrefu, halafu anavuta kiti na kusema, "Kaa. Chakula kinapoa." Basi. Hakuna hotuba. Na kila mwaka, akina mama waliokwisha kuuona mara kumi walianza kutafuta leso kabla kiti hakijavutwa.

Lucius alikuwa shemasi, na alikuwa mtu wa tanuru katika kiwanda cha chuma. Mrefu, mkavu, si msemaji. Alikuwa na tabia moja ambayo kila mtu aliijua: kabla ya kumpa mtu mkono, alifuta viganja kwenye mapaja ya suruali, mara mbili, hata kama ametoka kuoga. Miaka ya kiwandani ilimfanya aamini mikono yake haitakati. Jukwaani alifanya vilevile kabla ya kuvuta kile kiti, wala hakuna aliyemfundisha. Mchungaji alipomchagua kuwa baba wa Mchezo, mwaka 1961, watu walicheka. Baada ya onyesho la kwanza hawakucheka tena.

Tuliishi nyumba moja. Mimi chini, yeye na mkewe Willadene na mtoto wao wa pekee, Marcellus, juu. Marcellus alikulia ndani ya Mchezo. Alijua maneno ya kila mtu, hata ya bibi. Februari ya 1967 alikuwa na miaka kumi na tisa, na kijana aliyezoea kuigiza mtoto wa familia ile alikuwa ameandikishwa jeshini. Marcellus jeshi lilimkataa kwa sababu ya sikio la kushoto lisilosikia. Ikawa yeye ndiye aingie mlangoni, na baba yake halisi ndiye amvutie kiti.

Nakumbuka mazoezi yale. Lucius alimsimamisha mara tano.

"Unaingia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme," alimwambia. "Wewe umeshindwa na maisha. Ingia kama aliyeshindwa."

"Sijawahi kushindwa, Baba. Nipe muda."

"Kwa mwendo huo muda hautakuwa mrefu."

Watu walicheka, na Marcellus akacheka zaidi yao. Walikuwa wakitaniana hivyo. Jumapili ilipofika, kijana aliingia, akasimama, macho yake yakapanda polepole kutoka sakafuni hadi usoni kwa baba yake. Mimi nilisahau kufuata kitabu. Baada ya onyesho wageni wawili kutoka kikundi cha michezo ya kuigiza cha Milwaukee walimfuata Marcellus nyuma ya jukwaa na kumwambia akitaka kuifanya kazi hii, awatafute.

Lucius alikuwa na mpango mwingine. Alikuwa amemwomba msimamizi wake kiwandani, mwaka mzima, amtafutie mwanawe nafasi. Kwa mtu kama Lucius, kumwomba msimamizi mzungu kitu chochote ilikuwa kama kumeza moto. Nafasi ikapatikana mwezi wa sita. Marcellus alienda, akafanya kazi wiki tatu. Siku ya Alhamisi ya wiki ya nne alivua viatu vyake vya kazi getini, akaviacha pale, akarudi nyumbani kwa soksi. Msimamizi aliviokota, akampelekea Lucius mbele ya wenzake wote, akamwuliza kama kijana wake angependa slipasi za nyumbani.

Jioni ile nilikuwa jikoni kwao, namsaidia Willadene kuchambua mboga za majani. Lucius aliingia, akaweka vile viatu juu ya meza.

"Lucius," Willadene alisema, "toa viatu mezani kwangu."

Aliviacha palepale. Marcellus alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Baba, nikikaa mle ndani nitakuwa maiti inayotembea."

"Mimi nimekaa mle miaka kumi na tisa. Kwa hiyo mimi ni maiti?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Dada Arnetta hapa amesikia, mama yako amesikia. Maiti ndiye amekulisha."

"Wale watu wa Milwaukee wananitaka, Baba. Ni kazi. Wanalipa."

"Kuigiza ni kwa Februari," Lucius alisema. "Mwezi wa tatu watu wanarudi kazini."

"Wewe mwenyewe unalia jukwaani. Nimekuona kwa karibu. Yale machozi ni ya nini?"

Hapo nadhani kijana alimgusa mahali pabaya. Lucius hakupandisha sauti. Alisema, "Ukitoka na sanduku, usilirudishe hapa." Willadene alimwita mumewe kwa jina, mara mbili, kama anavyoitwa mtu aliyeko mbali. Marcellus aliondoka kesho yake asubuhi, baba yake akiwa kazini. Alinibusu shavuni ngazini akaniambia, "Dada Arnetta, mwakani mtafute kijana anayejua kushindwa."

Februari iliyofuata tulimpata. Na nyingine tukampata mwingine. Vijana saba au wanane walipita mle mlangoni katika miaka ile, na Lucius aliwavutia kiti wote, na watu walilia. Mimi nilikuwa naona machozi yake kwa upande, na kila mwaka nilijiambia, mwaka huu akishuka hapa atapanda treni. Milwaukee ni mwendo wa saa moja na nusu tu. Alishuka, akanawa uso, akala pai ya viazi vitamu na mashemasi wenzake, akaenda nyumbani.

Willadene alikuwa akiongea na mwanawe kwa simu yangu, kila Jumanne, mumewe akiwa zamu. Lucius alijua. Jumanne alikuwa anachelewa kurudi kwa makusudi, anazunguka mtaa na mkoba wake wa chakula. Lakini kujua ni kitu kimoja, kusamehe ni kingine.

Willadene alifariki mwaka 1979, moyo. Marcellus alikuja mazishini. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, ndevu, koti zuri. Alikaa kiti cha nyuma kabisa kama mgeni. Mwisho wa ibada watu walipanga mstari kumpa mfiwa mkono, naye akasimama kwenye mstari. Nilikuwa nimesimama pembeni ya Lucius. Zamu ya Marcellus ilipofika, Lucius alifuta viganja kwenye suruali, akampa mkono, akasema, "Asante kwa kuja." Maneno yaleyale aliyomwambia mtu wa mbele yake na mtu wa nyuma yake. Marcellus alisubiri kidogo. Mstari ulikuwa mrefu. Akasogea.

Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa. Kwa hiyo ikawa Lucius Pettiford, aliyemfukuza mtoto kwa sababu ya kazi, hana kazi. Alichukua kibarua cha kufagia shule. Hakulalamika. Mimi nilidhani sasa kitu kitalegea ndani yake. Badala yake kilikaza, kwa sababu sasa aliona aibu. Aliwahi kuniambia, "Atakuja aone nini? Mzee na ufagio?"

Msimu wa majani kupukutika, mwaka 1984, kadi ilikuja kutoka Milwaukee. Kikundi cha Marcellus kilikuwa kinaonyesha Mchezo, na yeye ndiye baba. Miaka thelathini na sita, atapakwa unga kichwani aonekane mzee. Chini aliandika kwa mkono: *Jumapili, saa tisa, kama kwetu. Nimekuwekea kiti cha mbele. M.*

Lucius alinionyesha kadi ile ngazini.

"Utakwenda," nilisema. Sikumwuliza.

"Jumapili ile nina zamu."

"Shemasi, shule hazifagiliwi Jumapili."

Alinitazama, akaichukua kadi mkononi mwangu, akapanda juu. Jumapili ile alikuja kanisani, akakaa mahali pake, akapitisha kikapu cha sadaka. Saa tisa nilimwona kwa dirisha akifyeka nyasi za uani ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Sasa nifike sehemu yangu mimi, maana nisipoisema, hii habari itakuwa ya mtu mmoja tu, na haikuwa hivyo.

Machi ya 1986 simu yangu ililia Jumanne. Sauti ilikuwa imepungua, lakini nilimjua alipocheka. Figo zilikuwa zimemwangusha. Alikuwa anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu.

"Usimwambie naumwa," Marcellus alisema. "Sitaki anifungulie kwa huruma. Mwulize tu hivi: nikija, atafungua mlango? Ukipata jibu nipigie. Hata likiwa hapana, nipigie."

"Nitamwuliza."

"Lini?"

Nilifikiri. Lucius alikuwa katika hali mbaya wiki zile, hamsemeshi mtu. Nami nilimwogopa, nakiri. Nilikuwa nimekaa chini ya vyumba vyao miaka mingi bila kugombana nao kwa sababu nilijua wakati wa kunyamaza. "Pasaka ikipita," nilisema. "Pasaka humlainisha."

"Sawa, Dada. Pasaka ikipita."

Alifariki Jumatano kabla ya Pasaka.

Tulipanda treni pamoja, mimi na Lucius. Alivaa suti yake ya ushemasi. Waliokuwa wameandaa mazishi ni wenzake wa kikundi. Marcellus hakuoa, na wao ndio waliokuwa nyumba yake. Mlangoni tulipokewa na mwanamke mnene wa makamo, mwenye shali nyeusi, akajitambulisha kuwa ni Corliss, aliyekuwa mke wa Marcellus jukwaani. Hakutujua. Alinyoosha mkono kwa Lucius. Lucius akafuta viganja kwenye mapaja, mara mbili.

Yule mama alipeleka mkono wake mdomoni.

"Ni wewe," alisema. "Kila mara kabla ya kuvuta kiti alifanya hivyo. Nilidhani ni ubunifu wake."

Baadaye, wakati wa kula, alikuja kukaa nasi. Alikuwa mtu wa kusema ukweli bila kuupaka sukari.

"Baba Pettiford, ulikuwa na kiti cha mbele. Tulipewa amri kisiuzwe. Siku ile alichungulia pazia mara kumi."

"Alifanyaje?" Lucius aliuliza. "Sehemu ya tatu. Aliifanyaje?"

"Vizuri sana. Watu walisimama. Yeye alishuka amekasirika. Alisema, hii nimeiba kwa baba yangu na sijaiba yote. Alisema baba yake ndiye mwigizaji mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, na hajui kwamba ni mwigizaji."

"Mimi si mwigizaji," Lucius alisema. "Mimi ni mtu wa chuma."

"Alituambia ungesema hivyo," alijibu Corliss, akainuka kwenda kumwongezea mtu kahawa.

Nilidhani Lucius atajitoa kwenye Mchezo. Mchungaji mpya naye alidhani hivyo, akamwambia kwa upole kwamba apumzike mwaka mmoja. Alikataa. Alifanya mazoezi yote, maneno yote yakiwa mahali pake, kiti mahali pake. Nikaanza kuamini kwamba baadhi ya watu wameumbwa hivyo, wanaweka kila kitu kwenye chumba chake na kufunga.

Jumapili ya kwanza ya Februari 1987, ukumbi ulijaa. Sehemu ya tatu ilifika. Kijana akaingia, mtoto wa fundi bomba wa mtaa wa pili, akasimama mlangoni. Lucius akamtazama. Muda mrefu wa kawaida ukapita, ukawa mrefu kupita kawaida. Nikamnong'oneza: "Kaa." Hakusogea. Nikanong'ona tena, kwa nguvu zaidi, hadi watu wa mstari wa kwanza wakanisikia. Alikuwa amenisikia pia, kwa maana aligeuza kichwa upande wangu. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

Halafu akamwambia kijana, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, "Siwezi, mwanangu. Samahani." Akatoka jukwaani kwa upande wangu, akapita mbele ya kigoda changu, akashuka kwenda chini.

Yule mama aliyeigiza mke ndiye aliyeokoa mambo. Alivuta kiti yeye, akasema maneno yeye. Watu walipiga makofi kweli kweli. Wengi waliondoka wakidhani ndivyo Mchezo ulivyobadilishwa mwaka ule, na mpaka leo kuna watu mtaani wanaosema ule ndio ulikuwa bora kuliko yote.

Nilimkuta jikoni mwa kanisa, anakausha vyombo. Nilisimama karibu naye, nikachukua kitambaa kingine, nikamwambia. Yote. Simu ya Jumanne, figo, swali, na Pasaka ikipita. Nilikuwa nimeibeba miezi kumi na moja na nilikuwa nimekonda nayo.

Alimaliza sahani aliyoishika. Akachukua nyingine.

"Ungeniuliza," alisema, "ningesema hapana."

"Hujui hilo."

"Najua. Machi ile? Ningesema hapana, na wewe ungempigia na kumwambia hapana, na angekufa nayo. Hivi alikufa akingoja jibu. Labda ulimtendea vyema kuliko mimi. Usilie kwenye vyombo, Dada Arnetta, nitavikausha upya."

Nimeyageuza maneno yale kichwani mwangu miaka mingi. Pengine ulikuwa ukweli. Pengine ilikuwa zawadi, alinipa jambo la kuniwezesha kulala, na kubaki na lake. Lucius alikuwa hodari wa kusema jambo bila uso wake kukwambia kama ndivyo. Mwanawe alilijua hilo kabla yetu sote.

Hakuigiza tena. Kila Februari alisimama mlangoni pa ukumbi, anagawa karatasi za majina ya waigizaji, anakaribisha watu. Sehemu ya pili ikiisha alivaa koti na kwenda nyumbani. Vijana waliochaguliwa kuwa mtoto aliwasumbua. Aliwafuata kwenye mazoezi akawauliza kama baba zao wako hai na mara ya mwisho waliongea lini. Mmoja alimjibu kwamba baba yake alimtelekeza akiwa na miaka miwili, na Lucius akakaa chini. Mchungaji alimwomba aache. Akaacha.

Mchezo bado tunao. Shule zinaufundisha, wageni wanatoka mbali kuuona, na juzi mtu wa gazeti alinihoji kama mkongwe wa kanisa. Aliniuliza kwa nini umedumu. Nilimpa jibu la kupendeza, kwamba kila familia inajiona mle. Ni kweli. Lakini nimeona watu wengi wakilia saa kumi alasiri na kufika nyumbani saa kumi na moja wakiwa walewale. Hayo sikumwambia. Mchezo hauna kosa. Ulituonyesha mlango kila mwaka. Labda tulipolia tulidhani tumeshaufungua.

Lucius alifariki mwaka 1998. Mimi ndiye niliyeachiwa mambo yake, kwa kuwa hakuwa na mwingine, na katika karatasi zake niliona maagizo ya mazishi yake. Alitaka kuzikwa Milwaukee, kando ya Marcellus. Sehemu alikuwa ameshaitafuta kwa msaada wa Corliss, bila kuniambia. Kanisa lilinung'unika. Nafasi yake kando ya Willadene ilikuwa imemngoja karibu miaka ishirini, jina lake limeshachongwa kwenye jiwe, limebaki tarehe tu. Mashemasi waliniita kikaoni.

"Dada Arnetta, mke wake naye?" waliniuliza.

 Nilifuata maagizo. Tulimpeleka kaskazini siku ya mvua, watu tisa, na Corliss aliimba.

Ninakwenda kwa Willadene mara mbili kwa mwaka, kung'oa majani. Yeye ndiye ambaye hakumfukuza mtu. Aliwapikia wote wawili, akampigia mmoja simu kwa siri na kumfulia mwingine ovaroli, na sasa yeye ndiye aliyelala peke yake, na kando ya jina lake kuna jina la mtu ambaye hayuko pale. Huwa namsalimia, namweleza habari za mtaa, nani ameoa, nani ameumwa. Nikifika kwenye habari za Lucius naruka, nazungumzia hali ya hewa.